Meno ya Baba Wakiuru

Kaloleni, Nairobi
12 Februari 1984

Kwako Baba Wakiuru, yaani Naftaly Thuo, bwana wa mizani,

Natumai u mzima. Kama si mzima usiniambie, mimi sina dawa, na stempu naipata kwa taabu, sitaki inirudie na magonjwa. Mimi ni mzima isipokuwa tumbo, mfuko na viatu.

Tangu tupigwe kalamu kiwandani, wewe ukapanda basi kwenda Kangema kuchuma chai kama bibi harusi, mimi nimebaki hapa kulinda mji. Kila asubuhi nakwenda Industrial Area, lango kwa lango. Vile vibao vya HAKUNA KAZI wamevipaka rangi upya. Nilimwuliza askari mmoja, "Aliyepaka hii rangi alilipwa?" Akasema alilipwa. Nikamwambia, "Basi kazi ilikuwapo, mbona hukuniita?" Akanifungulia mbwa.

Kiwandani kwetu nilipita juzi. Mashine zinatoa blanketi kama kwamba hatukuwahi kuzaliwa. Kijana aliyewekwa kwenye mizani yako anaishika kama anashika nyoka, na marobota niliyokuwa nikifunga mimi sasa yanafungwa ovyo, yanatoa matumbo nje.

Sasa sikiliza, acha kuchuma chai kwanza. Makau, yule Mkamba jirani yangu, anapika katika hoteli moja kubwa ya watalii huko mjini. Anasema wanatafuta mzee wa kusimama mlangoni. Kazi yenyewe ni kufungua mlango, kusema karibu, na kucheka. Basi! Wanataka mzee mrefu mwenye mvi, wamvike koti jekundu lenye vifungo vya shaba. Urefu ninao, mvi ninazo, mlango nimefungua tangu utoto. Taabu iko kwenye kucheka. Makau anasema meneja humwambia kila mtu "Cheka!" halafu anachungulia mdomoni kama mnunuzi wa punda. Wazee wawili wa kwetu wamekwisha rudishwa. Unajua sisi: meno sita ya chini tuling'olewa tukiwa vijana ili tuhesabiwe watu wazima. Sikulia siku ile, wanawake wakapiga vigelegele. Leo uanaume wangu unaitwa pengo.

Kazi hii nisipoipata, omera, ndugu yangu, nalirudishia Baraza la Jiji chumba chao na kwenda Ugenya kwa Mama Amolo. Na mtu wa rika langu akishuka Ugenya na sanduku lake, hilo sanduku linageuzwa kiota cha kuku. Nairobi haioni tena.

Wewe ulipitia intaviu nyingi kabla ya kupewa mizani. Nifundishe. Jifanye meneja, uniulize maswali, nitajibu kwa posta.

Ni mimi rafiki yako mwenye pengo,
Phares Otiende

—

Kangema
26 Februari 1984

Baba Amolo,

Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima. Mke wangu Wacuka anakusalimu na anasema neno la bibi harusi amelisikia na atakujibu kwa mwiko siku utakayokuja.

Mimi nami nilitafuta kazi hapa, kwenye mizani ya kununulia chai. Walisema watanijulisha. Nilikaa mizanini miaka yote ile, Otiende, na sasa natazama jani la chai likipimwa na mtoto ambaye hata haingoji sindano ya mizani itulie. Lakini hayo tuyaache.

Mimi ni meneja. Wewe umesimama. Usiketi mpaka uambiwe, na ukiketi usipanue miguu kama uko kwenye kilabu cha busaa.

Kwanza, kwa nini uliacha kazi yako ya zamani?
Pili, una umri gani?
Tatu, unakunywa pombe?
Nne, mgeni akikutukana mlangoni utafanya nini?
Tano, kwa nini tukuchukue wewe na si mwingine?

Jibu kama mtu aliyevaa tai. Juu ya kucheka, nitafikiri.

Ni mimi,
N. Thuo

—

Kaloleni
11 Machi 1984

Bwana Meneja,

Nimesimama. Mguu unauma lakini nimesimama.

Kwanza: sikuiacha kazi, kazi ndiyo iliyoniacha, na haikusema kwaheri. Pili: nilizaliwa mwaka wa nzige. Ukiniuliza nzige wa lini, waulize nzige. Tatu: sinywi, isipokuwa nikipewa. Nne: mgeni akinitukana, nitamfungulia mlango kwa heshima, na kuufunga kabla hajamaliza kuingia. Tano: mnichukue mimi kwa sababu nimekuja. Hao wengine wako wapi?

Vipi? Nimepita?

Chai yako waachie watoto. Hiyo hoteli ina lango la nyuma pia, na Makau anasema mlinzi wake amezeeka kuliko sisi. Njoo. Mimi nitasimama mbele nikicheka, wewe utasimama nyuma umenuna, hiyo sura ya kununa Mungu amekupa bure. Tutakula kwa Makau vichwa vya kuku wa watalii. Umekaa huko vya kutosha.

Mama Amolo ameniandikia kwamba mvua imekataa Ugenya. Sijamwambia kitu juu ya kazi. Nimemwambia tuko likizo ndefu.

Otiende

—

Kangema
21 Machi 1984

Baba Amolo,

Umeanguka. Majibu yote matano umeanguka, na la tatu umeanguka ukiwa mlevi. Sema hivi: "Kiwanda kilipunguza watu, na barua ya tabia njema ninayo." Sema miaka iliyo kwenye kipande chako cha kitambulisho, usitaje mdudu yeyote. Pombe, sema hapana, unyamaze. Kwa mgeni mwenye matusi sema, "Nitamwambia pole." La tano nitakuachia. Hilo sijapata jibu lake hata mimi. Pale kwenye mizani ya chai waliniuliza hilo hilo, na nilikaa nikiangalia kofia yangu.

Kondakta wa basi la kwetu atakuletea kikopo cha kahawa. Si kahawa. Ni meno yangu.

Usipige kelele. Meno ni sita, ya chini, hasa pale pako pa wazi. Wewe mwenyewe ulizoea kuniita Mjaluo wa Murang'a. Wewe ulilazwa chini na wajomba zako, ukang'olewa kwa chuma, ukachinjiwa kuku. Mimi nilipigwa kwa kitako cha bunduki kule kambini kwa Waingereza wakati wa hali ya hatari, na hakuna aliyenichinjia hata panzi. Lakini pengo ni lile lile, yule fundi Mhindi wa River Road aliyenitengenezea ameziba pengo la wote wawili bila kujua. Yavae. Jizoeze kusema na kucheka nayo. Yaoshe kwa chumvi. Usiyatumie kula samaki.

Mimi ni mzima, na huku siyahitaji sana siku hizi. Wacuka ananipikia uji, nimeuzoea. Kuja Nairobi, tutaona chai ikipungua.

N. Thuo

—

Kwa Nabiswa, Kariobangi
2 Aprili 1984

Baba Wakiuru, wewe mtu!

Kikopo kimefika. Kondakta alikuwa amekifungua njiani akitafuta kahawa, akakileta Kaloleni amekishika mbali na tumbo kama bomu. Nimecheka mpaka nikaketi barabarani. Unakumbuka ile siku ulipoyaweka kwenye kikombe saa ya chakula, nami nikayachukua nikayafungia ndani ya robota la blanketi? Robota likapakiwa kwenye lori la kwenda Kisumu, wewe ukalifukuza lori mpaka Jogoo Road, mdomo wazi, mizani umeiacha inacheza peke yake! Ulipoyapata hukunisemesha wiki nzima. Sasa umeyatuma mwenyewe. Utu uzima umekuingia hatimaye, ingawa naona umerudi kunyonya uji.

Utaona nimehama. Kaloleni palikuwa na makelele. Niko Kariobangi kwa Nabiswa, fundi wa kutengeneza masanduku ya bati, nalala nyuma ya karakana. Ni pazuri. Ukiota ndoto mbaya kuna nyundo karibu.

Sasa habari ya meno. Nimeyavaa. Yalipoingia, Thuo, nilijitazama kwenye kioo cha Nabiswa nikaona mtu ambaye sijawahi kukutana naye. Mdomo ulinijaa kama nimetiwa kiazi. Nikasema "Karibu!" na meno yakatoka mbele kumpokea mgeni kabla yangu. Yakaanguka ndani ya sanduku la mteja. Taya langu ni pana kuliko lako, lako ni la mtu wa kusali. Nabiswa ameyatazama pande zote. Anasema akiyakwangua pembeni na tupa ndogo, na kuzipinda zile waya mbili, yatanikaa sawasawa na hayatacheza tena. Lakini anasema, na mimi nasema nawe, yakishakwanguliwa hayatarudi kinywani mwako kamwe. Basi sijayagusa. Ukisema hapana, nitayafunga kwa uzi nisali. Intaviu ni tarehe tisa.

Sema ndiyo au hapana, upesi.

Otiende

—

Kangema
6 Aprili 1984

Baba Amolo,

Mwambie Nabiswa akwangue.

Mimi ni mzima. Sikiliza: ukisimama mbele ya meneja, usicheke upesi. Mtu anayecheka upesi anaonekana ana njaa. Mtazame kwanza, uvute pumzi, ndipo ucheke, polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu chake.

Usijali habari ya uji.

N. Thuo

—

Kariobangi
15 Aprili 1984

Baba Wakiuru,

Nabiswa amekwangua. Yamekaa kama yalimea humo! Naweza kusema, kuimba na kutukana. Nilipita Buruburu kwa Wekulo, karani wa kanisa lenu lile, kuazima koti, na mkewe hakunijua. Alimwita mumewe, "Kuna bwana mmoja mlangoni." Bwana! Miaka yote hii mke wa Wekulo amekuwa akisema, "Kuna Otiende mlangoni."

Lakini intaviu ya tarehe tisa haikuwapo. Tulifika, tukasimama uani na koti la Wekulo likininyonga makwapa, halafu akaja dada mmoja akasema meneja amesafiri, rudini keshokutwa. Nikarudi keshokutwa yake, akasema amerudi lakini ana wageni. Sasa wamesema tarehe thelathini. Kuna mzee mwingine hapo foleni, mrefu kuliko mimi, meno yake yote ni ya kwake. Nimemwombea maumivu ya jino. Nisamehe, wewe ni mzee wa kanisa, niombee msamaha huko huko.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama ya dukani. Na mwandiko umelala upande. Umelewa? Ama hutaki kusema kwamba unayakumbuka meno? Ukitaka nitakutengenezea mengine nikipata mshahara wa kwanza, ya juu na ya chini, uonekane kama mbunge. Na habari ya lango la nyuma bado ipo. Njoo basi! Nabiswa ana nafasi ya pili kwenye mkeka.

Otiende

—

Kangema
23 Aprili 1984

Baba Amolo,

Huu ni mwandiko wa Wakiuru. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimepoteza miwani shambani.

Mimi ni mzima. Lango la nyuma mpe mwingine. Tarehe thelathini nitakuwa nakuwaza tangu asubuhi, usije ukanifedhehesha, kwa maana unakwenda na sehemu yangu. Kwa swali la tano nimepata jibu. Akikuuliza kwa nini akuchukue wewe, sema, "Kwa sababu mtu akiniona mlangoni atajua kwamba ndani kuna watu."

Kofia yako ivue ukiingia.

Kwa mkono wa Wakiuru,
N. Thuo

—

Kariobangi
1 Mei 1984

THUO!

Nimeandikwa. Nimeandikwa kazi! Nasema tena kwa sababu umepoteza miwani, Wakiuru mama, msomee kwa nguvu: BABA AMOLO AMEANDIKWA KAZI.

Sasa usikie jinsi ulivyonipotezea muda. Maswali yako matano nimeyakariri kama katekisimo. Barua ya tabia njema mfukoni, miaka ya kipande kichwani, kofia mkononi. Nikaingia. Meneja hata hakuinua kichwa. Akasema, "Mzee, cheka." Basi! Hakuuliza kiwanda, hakuuliza pombe, hakuuliza nzige. Lile jibu lako zuri la watu walio ndani limebaki kooni mpaka sasa.

Nikafanya ulivyosema. Nikamtazama. Nikavuta pumzi. Nikakumbuka wewe ukilifukuza lori la Kisumu. Ikaja yenyewe, Thuo, kutoka tumboni, ikajaa chumba chote, mpaka yule dada wa mezani akacheka bila kujua sababu. Meneja akaweka kalamu chini. Yule mrefu mwenye meno yake mwenyewe alicheka baada yangu, lakini alicheka kama mlango usiotiwa mafuta.

Naanza Jumamosi tarehe kumi na mbili, koti bado linashonwa. Hata Mama Amolo nimemwandikia kwamba ile likizo imekwisha.

Umepoteza miwani, meno umetoa, naona kesho utanitumia masikio kwa kondakta. Baki na pua angalau, nitakapokuja nikujue. Nitakuja nikipata mapumziko, na mkate mkubwa, na kwa kuwa huna meno nitakutafunia.

Mlangoni ni mimi,
Otiende

—

Kangema
14 Mei 1984

Kwa Baba Amolo,

Mimi ni Wakiuru. Barua hii ni yangu mwenyewe, hakuna anayenitajia maneno.

Baba alifariki Jumanne tarehe nane. Tulimzika Jumamosi. Tulituma habari kwa yule kondakta. Anajua mlango wako wa Kaloleni tu, alifika akaambiwa ulikwisha ondolewa na mtu mwingine anakaa humo. Baba hakujua uliondolewa. Alidhani kweli palikuwa na makelele.

Ugonjwa ulikuwa wa koo. Ulianza kabla ya Krismasi, mkiwa bado kiwandani. Kwanza alishindwa nyama, halafu githeri, halafu viazi. Mwezi wa tatu ilikuwa uji, na mwishoni hata uji alikuwa akiutazama. Miwani haikupotea. Mkono ndio uliokuwa umekataa. Nilimwambia, "Baba, mwambie rafiki yako." Akasema, "Barua yake ya kwanza ilisema kama si mzima nisimwambie. Mimi natii." Akacheka alipolisema hilo. Alikuwa akilirudia kila mara tulipoandika "mimi ni mzima."

Kuna jambo la meno nataka ulijue kwangu, usilisikie kwa watu. Wiki ile ya Pasaka, Mama aliona hali, akataka niende Nairobi kuyachukua. Alisema hataki watu wamuage mumewe na uso uliobonyea, kwamba yeye aliolewa naye hali ana pengo na alimpenda na pengo, lakini wageni si yeye. Baba akakataa. Alikuwa akisema kwa kunong'ona. Akasema, "Otiende hajaitwa bado. Mtu hanyang'anywi jembe akiwa shambani." Mama alilia. Hakujua yalikwisha kwanguliwa. Mimi nilijua, kwa sababu hata ile barua fupi ya kusema "akwangue" nilimshikia mkono akiiandika. Sijamwambia Mama mpaka leo. Siku ya mazishi alimfunga kidevu kwa kitambaa chake cheupe cha kanisani, na ndivyo tulivyomwona mara ya mwisho.

Barua yako ya furaha ilifika Ijumaa kabla hajafa. Nilisoma kwa nguvu kama ulivyosema. Nilipofika pale pa lori la Kisumu alipiga kitanda kwa kiganja. Halafu akafumba macho nikadhani amelala. Akasema, "Basi kuna kitu changu kimoja kimerudi kazini."

Alisema usiyarudishe.

Ni mimi,
Wakiuru Thuo

—

Kariobangi
27 Mei 1984

Kwako Wakiuru, na kwa Mama Wakiuru,

Barua yako Makau alinipa kazini, jikoni. Nilisoma nimesimama kando ya vichwa vya kuku. Sikuweza kujibu upesi. Mara tatu nimeanza, na kila nikianza mkono unaandika mzaha. Mkono huu haujui kazi nyingine. Mnivumilie.

Nimezitoa barua zake zote nikazisoma tena. Zote zinasema mimi ni mzima. Sisi sote huandika hivyo, mama, hata mtu anayeunguliwa nyumba huandika hivyo, na anayesoma huruka aende kwenye habari. Mimi niliruka. Na uji ule, nilimwambia amerudi kunyonya. Nilimwambia kesho atume masikio. Wakiuru, ulimsomea hata hilo? Usinijibu.

Mama Wakiuru, kuna neno Wakiuru ameliogopa, nitakwambia mimi. Hata ungekuja kuyachukua, yasingemwingia. Fundi aliyakwangua, mimi nikaomba ruhusa, yeye akasema akwangue. Kama una hasira, hiyo hasira ni yangu, nitumie yote, ule mwiko ulioniahidi uje nao.

Mmeniambia mlimzika Jumamosi. Jumamosi hiyo ndiyo niliyoanza kazi. Nilivaa koti jekundu, nikasimama mlangoni tangu asubuhi mpaka jua likaondoka barabarani. Palikuwa na arusi kubwa hotelini, wageni hawakwisha. Kila aliyepanda ngazi nilimtazama, nikavuta pumzi, nikacheka polepole kama nilivyofundishwa. Watoto wa arusi walirudi nje ili wanione tena. Saa zile mlipokuwa mkimmwagia udongo, mimi nilikuwa nikicheka, mama. Kwa meno yake. Siku nzima, na hakuna aliyenigusa bega kuniambia acha.

Jioni meneja alipita akanipiga mgongoni. Akasema, "Mzee, una kicheko kizuri." Nikamwambia si changu, nimeazimwa. Akadhani ni mzaha, akaenda zake akicheka.

Nimepewa mapumziko ya kwanza Jumapili ya pili ya mwezi wa sita. Nitakuja Kangema. Meno nitayaweka mfukoni, ndani ya kile kikopo, nitakuja na pengo langu, kwa sababu yeye alinizoea hivyo na nisingependa anifikirie mgeni. Msinichinjie kitu. Nipikieni uji ule ule.

Otiende